Keshi Yangu Unaifuta ya Nini?

Yule mama alikuja saa nne asubuhi, vidole bado vina unga wa chapati, akailaza simu juu ya kioo cha meza yangu kama mtu anayelaza mgonjwa. Inaganda, alisema. Akifungua hiki inaganda, akifungua kile inaganda, na wateja wake wa chakula cha mchana wanaagiza kwa WhatsApp. Wakati huo nilikuwa na kibanda cha ufundi simu Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, nafasi ya kukaa mtu mmoja na nusu. Nilikuwa na miaka miwili tu tangu nitoke chuo, na maneno ya chuo bado yalikuwa yananiwasha mdomoni.

Nikaishika, nikapekua mipangilio, nikaona tatizo. Nikamwambia kwa ile sauti ya kitaalamu:

"Mama, dawa yake ndogo tu. Nafuta keshi yote, halafu naizima na kuiwasha upya."

Akaikamata simu yake kabla sijamaliza.

"Unafuta nini?"

"Keshi."

"Keshi yangu unaifuta ya nini? Mle kuna laki mbili na themanini, na si zangu, ni za kikoba!"

Kariakoo haina siri. Muuza soksi wa jirani akageuka, kijana wa chaja akasogea, na mtu aliyekuwa anapita na mzigo kichwani akasimama na mzigo wake kusikiliza. Ndani ya dakika moja habari ilikuwa imeshavuka barabara: kuna fundi, tena dada, anataka kufuta hela za mama wa watu. Nikaanza kujieleza. Kwamba hela za kwenye simu hazikai kwenye simu, zinakaa kwenye akaunti kule kwa kampuni na akaunti inafuata namba. Kwamba hata simu ikitumbukia Msimbazi, laini inarudishwa na hela inakutwa palepale. Kwamba ninachofuta mimi ni vipande vya picha na kurasa ambavyo programu imejiwekea pembeni ili kesho isihangaike kuvitafuta tena.

Alinisikiliza vizuri sana. Kisha akauliza swali ambalo hakuna mwalimu aliyewahi kuniuliza:

"Sasa kama si hela, kwa nini unaiita keshi?"

Sikuwa na jibu. Leo ninalo, ila limechelewa. Neno lenyewe asili yake ni Kifaransa, linatokana na kuficha, na Waingereza wanalitamka sawasawa kabisa na lile lao la fedha taslimu. Wao halijawasumbua kwa sababu kwenye karatasi yameandikwa tofauti, cache na cash. Sisi maneno mengi ya namna hii tumeyadaka kwa sikio, na sikio halioni herufi. Chuoni kwetu walikuwepo waliosoma "kache", na walikuwepo waliosoma "kachi". Tulikuwa tunawacheka. Mimi mwenyewe nilianza na "kache" nikaiacha kwa aibu, nikajifunza kusema "keshi" kama waliosoma shule za Kiingereza. Ningebaki na kache yangu, yule mama angeniuliza "kache ndiyo nini?", ningemweleza, na muuza soksi angeendelea kuuza soksi.

Tangu siku ile nasema "nasafisha mabaki". Hakuna aliyewahi kunikamata mkono kwa kusema hivyo.

Niseme kidogo kuhusu hiyo aibu, maana sikuzaliwa nayo. Nimesoma msingi Handeni, kwa Kiswahili, na Kiswahili kimenizoesha jambo moja: neno linasomwa kama lilivyoandikwa. Ba be bi bo bu. Ukishazijua silabi zako, hakuna neno la kukutisha, hata liwe refu kama treni. Hakuna herufi inayonyamaza, wala irabu inayobadilika sura ikikaa karibu na herufi fulani. Mtoto wa darasa la pili anaweza kukusomea gazeti zima bila kuelewa nusu yake, na asikosee matamshi hata moja. Nikaja Dar na imani hiyo.

Muhula wa kwanza chuoni mwalimu akanisimamisha nisome kwa sauti karatasi aliyotugawia. Nikafika kwenye neno Linux, jina la mfumo wa kuendeshea kompyuta. Nikalisoma: Linuksi. Darasa likalipuka. Mwalimu naye alicheka, mpaka akavua miwani kuifuta, akasema, "Lainaksi, dada. Hapa si Handeni." Mwaka mzima nikaitwa Linuksi. Kuna mwenzetu mmoja hadi leo namba yangu ameihifadhi hivyo.

Miaka kadhaa baadaye, usiku mmoja, nilikuwa nahangaika na kompyuta ya mteja iliyogoma kuwaka, natafuta maelekezo mtandaoni. Nikakutana na kipande kifupi cha sauti cha mwaka 1994. Ni Linus Torvalds mwenyewe, yule aliyeutangaza mfumo huo mwaka 1991 akiwa mwanafunzi kule Helsinki. Anajitaja jina, kisha anasema yeye Linux huitamka hivi. Na anaitamka.

Linuks.

Nilirudia kile kipande mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Hakuna "lai" mle ndani. Torvalds ni Mfini ambaye lugha ya nyumbani kwao ni Kiswidi, na "i" yake ni "i". Kuna kupungua kwa irabu ya mwisho, hiyo sisi tunaiongeza kwa sababu neno la Kiswahili likiishia na konsonanti tunaliona kama limekatwa mguu. Lakini yule binti wa Handeni alikuwa jirani kabisa na mwenye mali, kuliko darasa zima pamoja na miwani ya mwalimu.

Nikampigia mwenzangu mmoja wa chuo, saa tano usiku. Akasikiliza, akacheka, akasema, "Kwa hiyo unataka nini sasa, uende ukamwambie mwalimu?" Nilitaka. Sikwenda.

Ila tangu hapo nikaanza kuyapekua maneno moja moja, kama mtu anayetafuta hati ya kiwanja. Ubuntu, kwa mfano, huo mfumo wa kompyuta uliojengwa juu ya Linux na uliotoka mwaka 2004 kwa fedha za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina ni la lugha za Kinguni, ndugu kabisa wa utu wetu. Mtu mwenye Kiswahili akilisoma kama lilivyo, u-bu-ntu, amemaliza. Chuoni tulifundishwa "yubantu". Darasa la Wabantu watupu, tumekaa kwenye viti, tunafundishwa kulitamka neno la Kibantu kama anavyolikosea mgeni, na tunaandika kwenye daftari.

Au GNU, ule mradi wa programu huria aliouanzisha Richard Stallman mwaka 1983. Jina lile ni mzaha wa kifupisho kinachojimeza chenyewe mkia, maana yake "GNU si Unix", Unix ikiwa ni mfumo mwingine wa kompyuta uliotangulia. Wenyewe wanataka "g" isikike, siyo "nyuu". Lakini nembo yao ni mnyama, na mnyama huyo sisi tunamjua kwa jina: ni nyumbu. Huyuhuyu wa Serengeti. Nilipomwambia kijana wangu wa karakana kwamba programu anazotumia kila siku zina nembo ya nyumbu, alikataa katakata. Mjini hapa ukimwita mtu nyumbu umemtukana. Umesema anafuata kundi bila kufikiri. Aliona nawasingizia wazungu wa watu.

Wakati Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoingia kwenye kazi ya kuziweka programu huria kwa Kiswahili, mradi ukaitwa Kilinux, na mwaka 2004 ukatoa Jambo OpenOffice, programu za kazi za ofisi kwa Kiswahili. Kilinux. Iseme kwa sauti. "Kilainaksi" haipiti kooni. Nadhani aliyelitunga jina hilo alikuwa upande wangu, hata kama hakujua kuna ugomvi.

Sitaki nionekane nasema aliyesoma kama ilivyoandikwa huwa anashinda. Kwenye GIF, zile picha za kompyuta zinazochezacheza, anapigwa. Steve Wilhite, aliyeiunda akiwa kampuni ya CompuServe mwaka 1987, alisema maisha yake yote kwamba inaanza kama "jirani", siyo kama "gari". Mwaka 2013 alipopewa Webby, tuzo ya mambo ya mtandaoni, hakutoa hata hotuba. Alionyesha maandishi kwenye skrini yanayosema ni "jif", basi. Amefariki mwaka 2022, na watu bado wanasema "gif", na kamusi za Oxford zinazikubali zote mbili. PNG nayo, aina nyingine ya faili la picha, waraka wake rasmi unasema itamkwe "ping". Hapa Dar sijamsikia hata mmoja. Ukimwambia fundi mwenzako "nitumie hiyo ping" atafikiri unataka kupima mtandao. Tunasema pii-enu-jii na maisha yanasonga. Huyo mwenye mtoto wake amempa jina, sawa, lakini mtaa ndio utakaomwita.

Kucheka na kuchekwa ni mambo madogo, yanapona. Kuna siku neno lilinilia kazi.

Kilikuwa kikao cha usaili, kampuni moja maeneo ya Posta, ghorofa ya juu, kiyoyozi kimewekwa hadi meno yanagongana. Wasailiwa tulikuwa wanne, meza ina watu watatu. Mambo yakaenda vizuri hadi yule wa katikati, kijana aliyesoma nje, akaniuliza, "Tuambie uzoefu wako wa sikwel."

Sikuwahi kulisikia neno hilo. Nikatafuta kichwani: sikwel, sikwel, labda ni programu mpya. Nikakumbuka nasaha za baba, usijifanye unajua usichokijua, nikasema kwa unyoofu, "Hiyo sijawahi kuitumia." Wakatazamana. Akaandika kitu. Maswali mawili ya kuzugia, asante, tutakupigia.

Nimeshuka ngazi hadi kwenye mlango wa chini, namwona mlinzi anakunywa kahawa, na pale pale, mguu mmoja ndani mmoja nje, ikanijia. SQL. Alikuwa ananiuliza SQL, lugha ya kuiuliza kanzidata maswali. Ile esi-kyu-eli ambayo nilikuwa nimeitumia miaka miwili mfululizo, ambayo nilitengenezea kanzidata ya wagonjwa ya zahanati moja Temeke, ambayo nilikuwa nawafundisha wengine kwa malipo ya chipsi mayai. Nikafikiria kupanda tena. Mlinzi akaniuliza, "Dada umesahau kitu?" Nikasema hapana.

Baadaye, kwa hasira, nilikwenda kuichimba. Kumbe yule kijana hakukosea. Mwaka 1974, Donald Chamberlin na Raymond Boyce wa IBM waliipa lugha hiyo jina SEQUEL, kifupisho chenye kusomeka kama neno. Ikaja kubainika kuna kampuni ya Uingereza ya kutengeneza ndege iliyokuwa imeshalisajili jina hilo kama alama yake ya biashara, ikabidi irabu zitolewe, ikabaki SQL. Wazee wa kazi wakaendelea na jina la zamani. Kwa hiyo yeye alikuwa analo jina la nyumbani, mimi ninalo la kwenye cheti, na tulikuwa tunamzungumzia mtoto mmoja. Wenye MySQL, programu ya kanzidata inayotumia lugha hiyo, wameandika kabisa kwenye nyaraka zao kwamba rasmi ni herufi moja moja, ila wewe ukisema "sikwel" hawatagombana nawe. Tena hiyo "My" ya mwanzo ni jina la binti wa mmoja wa waanzilishi, Michael Widenius, Mfini mwingine, kwa hiyo hata hilo "mai" tunalolisema wote si alivyomwita mwanawe.

Ningeyajua haya ningepata kazi? Sijui, wale wengine watatu hawakuwa wabaya. Lakini tangu siku hiyo nikisikia neno silijui, sisemi silijui. Nasema, "Samahani, naomba uniandikie." Nimegundua nusu ya maneno nisiyoyajua nayajua.

Kuna mabishano mengine ambayo nayapita tu. Ruta au rauta: Waingereza na Wamarekani wenyewe hawajaelewana, sisi tunahangaika nini. Zedi au zii: kwenye anwani za .tz nasema zedi na sitaki mjadala. Hizi za watu wawili wa ofisi moja kununiana kwa sababu mmoja amesema "deta" na mwenzake "data", naona ni njaa.

Lakini waifai siwezi kuipita, maana imeingia mpaka ukweni kwangu.

Wifi yangu, yaani dada wa mume wangu, ana saluni Sinza. Nilipomfungia mtandao pale, akaomba binti yake aandike tangazo la kubandika mlangoni. Binti akaandika kwa kalamu nzito: WIFI BURE HAPA. Nikamwambia weka kistari katikati, akasema kistari cha nini, kila mtu anajua. Siku ya pili akaingia mama wa makamo, amekuja kusuka, akalisoma lile tangazo taratibu, kwa Kiswahili, kama lilivyo. Akaketi, akavua kilemba, akasema:

"Wifi wa bure mimi sijapata kumwona. Wangu ananigharimu kila Idi."

Saluni nzima ikaanguka. Wifi yangu mwenyewe alikuwa ameshika kitana, akanitazama mimi, na mimi nikatazama dari. Bahati mbaya ile rauta nayo siku hiyo ilikuwa inakatakata, yule mama akaambiwa siyo wifi ni waifai, akasema, "Basi haifai." Kumbe bila kujua alikuwa amegusa mzizi. Jina Wi-Fi lilitungwa na watu wa matangazo mwaka 1999 kwa kuigiza sauti ya "hi-fi", yale maredio ya zamani ya muziki safi, ambayo kwa mdomo wetu nayo ni "haifai". Halikuwa kifupisho cha kitu chochote. Watu wanaokufa wakibishana kirefu chake wanabishania kitu ambacho hakikuwepo.

Ukitaka kuona Kiswahili kinavyokwepa ugomvi huu, tazama vifupisho tunavyojitengenezea wenyewe. TEHAMA. Teknolojia ya habari na mawasiliano, lakini aliyeifupisha hakuchukua herufi, amechukua silabi: te, ha, ma. Hakuna namna mbili za kuisema. LUKU, lipa umeme kadri utumiavyo, imeshakuwa neno, watu wanasema "luku imeisha" na nusu yao hawajui kama ina kirefu. UKIMWI, TAKUKURU, BAKITA. NIDA na TANESCO zimetoka kwenye Kiingereza lakini kwa kuwa zimebeba irabu zinateleza tu. Zile zenye uhaba wa irabu ndizo tunazozitamka kama tunahesabu kokoto: TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ni tii-sii-aa-ei. Na ikionekana kifupisho hakitamkiki, mtaa unakitupa. Mabasi yalipoanza mwaka 2016 yaliandikwa herufi zake, DART, UDART, na kwenye mipango BRT. Nani anaziita hivyo akiwa kituoni Magomeni? Mwendokasi, imekwisha.

Sasa nifike kwenye herufi zenyewe, maana huko ndiko nilikoumia zaidi ya kule Posta.

Baada ya Kariakoo nilihamia Buguruni na kuanza kufunga mitandao na kamera za ulinzi. Mteja mmoja, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Tegeta, alinipigia anataka kamera sita. Tukaelewana, akasema nimtumie profoma kwa barua pepe. Nikamwambia nitajie. Anwani ilianza na herufi tatu ambazo hazikuwa neno, vifupisho vya jina la duka. Akanitajia: "E, A, I."

Alizitaja kwa Kiswahili, kama alivyofundishwa darasa la kwanza, na kama nilivyofundishwa mimi. Lakini mimi nilikuwa ofisini, kichwa kiko kwenye Kiingereza. Nikasikia "e", nikaandika A, kwa sababu A ya Kiingereza ni "ei". Nikasikia "a", nikaandika R, kwa sababu R yao ni "aa". Nikasikia "i", nikaandika E. Jaribu mwenyewe kwa sauti, utaona. Alisema EAI, mimi nikaandika ARE, na sote wawili tulikuwa tumetamka sawasawa.

Nikatuma. Baada ya dakika chache ulirudi ujumbe wa Kiingereza kwamba barua haikufika. Sikuufungua, nikaudhani tangazo. Hilo ni kosa langu, simsingizii alfabeti. Siku ya tatu nikampigia kumkumbusha, akanijibu kwa upole kabisa, "Dada, niliona kimya, nikajua umebanwa. Nimeshampa kijana mwingine." Kazi ya milioni moja na laki nane.

Nilikaa na kijana wangu wa karakana jioni ile tukachukua kipande cha boksi la rauta na kalamu, tukaandika miji. A ya Arusha. B ya Bagamoyo. C ya Chalinze. D ya Dodoma. E tukakosa mji wa haraka, tukaweka embe. F ya Feri, G ya Geita, H ya Handeni, hiyo niliisimamia mwenyewe. I ya Iringa. Tulibishana kwenye J, yeye alitaka Jangwani kwa sababu zake za mpira, nikamwachia. R ya Rufiji, V ya Vingunguti, Y ya Yombo, Z ya Zanzibar. Tukafika mwisho tukakuta nafasi mbili ziko wazi. Q na X. Kiswahili hakina herufi hizo, kwa hiyo hakina mji unaoanza nazo. Kijana akasema tuandike Qatar, nikamwambia mzee wa Mbagala atakuuliza Qatar inaandikwaje. Tukaziacha wazi, boksi tukalibandika ukutani juu ya simu ya ofisi.

Limetusaidia kuliko vyeti vyangu. Wateja wanaupenda ule mchezo, wapo wanaobadilisha mji wakaweka wa kwao, mmoja aliniambia "N ya Newala, na kama hujafika Newala hujui N". Hakuna barua iliyopotea tena kwa sababu ya irabu.

Mwezi uliopita alinipigia mzee mmoja wa Ukonga, mwalimu mstaafu, tulimfungia mtandao wiki moja nyuma. Mjukuu wake alikuwa amechezea simu, mtandao ukamtoa, na nywila ilikuwa kwenye kibandiko chini ya rauta. Nilihitaji kuijua ili nimrekebishie kutoka huku. Nikamwamkia, nikamwomba avae miwani.

"Nimevaa. Nianze?"

"Anza mwalimu. Na kila herufi unipe mji."

Akaelewa mara moja, walimu ni walimu. "T ya Tabora. Nane. M ya Musoma, kubwa. D ya Dodoma, ndogo. Nne." Nikawa naandika. Kisha kimya. Nikasikia anavuta pumzi.

"Hapa kuna O iliyochomwa mwiba."

Nikatazama boksi ukutani. "Mwiba uko wapi, mwalimu, juu au chini?"

"Chini, kulia."

"Nimeipata. Endelea."

"K ya Kilosa. Halafu hii..." Akacheka peke yake kule, kicheko kirefu cha mzee. "Hii naijua sana. Hii ndiyo niliyokuwa nawawekea wasiojua hesabu."

Nikaandika X, nikabonyeza. Mduara ukazunguka, ukazunguka, ukaacha.

"Imekubali, mwalimu."

"Umeipa mji gani?"

Nikamwambia ukweli, kwamba ile na ile yenye mwiba hazina mji, tumeziacha wazi muda wote. Akasema si sawa kuacha nafasi wazi kwenye orodha, nichukue kalamu niandike. Nikamwita kijana, akapanda kiti. Pale kwenye Q sasa pameandikwa "ya mwiba". Kwenye X: "ya mwalimu".